Khabari za Soko katika Njia ya Unyanyembe

Tajiri wa Unguja wa karne ya 19 aliyekuwa akifunga mizigo ya kupeleka bara alihofu, zaidi ya simba wa porini na homa ya mabonde, kosa moja lililoweza kumfilisi kabla msafara wake haujafika nusu ya njia, nalo ni kosa la kuchukua ushanga usiotakikana. Kwani ushanga, uliokuwa ndio fedha ya njia nzima, haukupokelewa kila mahali kwa namna moja: Wanyamwezi waliutaka mwekundu uitwao samisami, na mwingine wakaurudisha; mweusi ulipita Ugogo, na ukivuka mpaka wa Ugogo haukumnunulia mtu hata kibaba cha mtama; ule mkubwa wa mfano wa yai, uitwao sungomaji, ulitafutwa Ujiji na Uguha ng'ambo ya ziwa; na mweupe ulikuwa na wapenzi wake Ufipa. Henry Morton Stanley, alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871 naye haijui njia, alilazimika kuketi na wafanyabiashara wa Kiarabu akawauliza nchi kwa nchi, maana vitabu vya wasafiri waliomtangulia, pamoja na sifa zao zote, havikumwambia mtu achukue mizigo mingapi ya rangi gani.

Basi katika njia ile khabari yenyewe ilikuwa bidhaa, tena bidhaa iliyotangulia nyingine zote, kwa kuwa mwenye pembe asiyejua bei ya pwani na mwenye nguo asiyejua haja ya bara walikuwa wote wawili mikononi mwa yule anayejua. Na mahali ambapo khabari za pande zote zilikutana palikuwa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi, kwenye mji ambao wageni wa kwanza waliuita Kazeh na sisi leo twauita Tabora. Hapo njia ya kutoka Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi, iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji na nchi za Manyema, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine ikashuka kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Waarabu walipokuja kujenga matembe yao hapo, katikati ya karne ile, hawakuifungua njia, waliikuta. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuteremka pwani na pembe zao na majembe yao miaka mingi kabla, wakijua visima, masoko, na watemi wa kuombwa ruhusa. Na kila khabari ambayo baadaye iliandikwa kwa jina la tajiri fulani au Mzungu fulani, asili yake aghalabu ni miguu ya mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Nalisema hili mapema, kwa sababu nadhani ndilo kiini cha jambo zima: khabari ya njia ilipata thamani yake kwa mtu aliyeitembea.

Haifai vilevile kuisifu njia ile bila ya kutaja kwamba wako waliopita humo wakiwa wamefungwa minyororo, na kwamba bei ya mwanadamu nayo ilikuwa miongoni mwa khabari zilizoulizwa barazani pamoja na bei ya pembe na ya nguo. Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka wa 1873, na mwaka wa 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kuja pwani. Walakini amri ya pwani ilichelewa kufika bara, na ilipofika, wengi waliotakiwa kuitii walijifanya hawakuisikia.

Namna khabari ilivyosafiri, Richard Burton aliyepita njia ile mwaka wa 1857 ametuachia picha yake. Msafara ulitanguliwa na kiongozi, aliyeitwa kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya ya ndege kichwani, barghumu ikilia na ngoma ikifuata. Na misafara miwili ilipokutana katika njia nyembamba, makirangozi wawili walisogeleana kwa mwendo wa madaha, kisha wakarukiana wakapigana vichwa kama kondoo dume, na wapagazi wa nyuma yao wakafanya vivyo hivyo mpaka kicheko kikavunja safu. Baada ya kicheko ndipo yalipoulizwa yaliyo muhimu: maji yako wapi, mtemi gani ameongeza hongo ya kupitia nchi yake, nani amekufa, pembe Unyanyembe zimepandaje, kaniki imebaki kiasi gani. Na kwenye njia panda, aliyetangulia alivunja tawi lenye majani akalilaza juu ya njia isiyofuatwa, ili anayekuja nyuma asipotee. Alama ile haikuhitaji mlinzi, maana kila aliyeikuta aliiamini. Aliyeilaza alikuwa mpagazi kama yeye, ambaye kesho huenda akaja nyuma yake na kuihitaji alama ya mwenziwe.

Kazeh palikuwa na baraza ya Snay bin Amir, Mharithi, mtu aliyeanza maisha yake kwa kuuza halwa Maskati na akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa bara. Alikuwa msomaji wa vitabu, akisema Kinyamwezi, na mwaka wa 1852 alifika hadi kwa Kabaka Suna wa Buganda. Burton na mwenziwe John Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, Snay aliwapa nyumba, akawakusanyia wapagazi, na lililo kubwa zaidi, aliwapa khabari. Ili tuijue thamani yake, yafaa tukumbuke kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilichapishwa Ulaya ramani ya mmisionari Jakob Erhardt, aliyekaa Tanga akiwahoji watu wa misafara, na katika ramani ile Afrika ya kati ilikuwa na ziwa moja kubwa mno, refu kutoka Ikweta hadi kusini ya mbali. Erhardt hakudanganywa na mtu. Kila aliyemhoji alimweleza maji aliyoyaona kwa macho yake, huyu Nyasa, huyu Ujiji, huyu Ukerewe, naye akayaunganisha maji ya watu watatu yakawa maji mamoja. Snay alizijua njia, na kwa hiyo aliweza kusema kwamba maziwa yale ni mbalimbali na kwamba la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Kwa maneno hayo Speke aliondoka Kazeh Julai 1858, na tarehe 3 Agosti akasimama juu ya kilima akiitazama Nyanza, ndilo ziwa lile la kaskazini. Ulaya ikampa yeye sifa ya kuivumbua, ilhali swali lake lilikwisha kujibiwa barazani.

Nafikiri twaweza kusema, bila ya kulazimisha maneno, kwamba baraza ile ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na mtambo wa utafutaji: mtu huja na swali, na kutoka katika rundo la maneno ya watu wengi hutolewa jibu linaloaminika zaidi. Na kipimo chake kilikuwa kile kile cha wanavyuoni wa Hadithi, yaani isnadi: nani amekwambia, naye aliambiwa na nani, na je, wa mwisho wao alikuwako? Khabari iliyokatika mnyororo wake ilisikilizwa kwa adabu, ikanywewa kahawa, ikaachwa hapo hapo.

Yaliyoandikwa yalikwenda polepole kuliko yaliyosemwa. Katika mizigo ya Unyanyembe Stanley aliukuta mfuko wa barua za Dokta Livingstone, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafuta, uliofungwa Unguja na kuandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Akauchukua, na ulimfikia mwenyewe Ujiji katika Novemba 1871, mwaka mzima tangu kufungwa kwake. Livingstone aliufungua, akasoma barua za wanawe, kisha akauweka mfuko magotini akamwomba mgeni wake amweleze khabari za dunia. Na dunia ilikuwa imefanya mambo: Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa tangu Novemba 1869, reli ilikuwa imeunganisha bahari mbili za Marekani, Ufaransa ilikuwa imepigana na Prussia na kushindwa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1873, khabari ya kufa kwake Livingstone ilifika Unyanyembe mkononi mwa mtumishi wake James Chuma, katika barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright; nayo iliandikwa kwa mwana wa marehemu, kwa kuwa Chuma na wenziwe walisikia njiani kwamba mwana huyo anakuja kutoka pwani. Hakuwako, alikwisha kurudi Ulaya. Barua ikafunguliwa na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Hata watu wale waaminifu, waliobeba maiti ya bwana wao kutoka nchi ya Ilala, uvumi wa njia uliwapotosha katika jambo hilo moja.

Na uvumi ulikuwa na hatari kubwa kuliko barua kukosa mwenyewe. Agosti 1871 matajiri wa Tabora walikwenda kumpiga Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji, wakaliteka boma la Zimbizo siku ya kwanza, na khabari ya ushindi ikaenea kambini pamoja na kelele za furaha. Haikupita muda, waliookoka wakaja mbio kusema kwamba kikosi kilichopelekwa Wilyankuru, chini ya Soud mwana wa Said bin Majid, kilirudi na pembe na mateka kikavamiwa na Mirambo aliyejificha majanini kandokando ya njia, na Soud ameuawa. Khabari hiyo ya pili ililivunja jeshi zima. Kila mmoja akakimbilia Mfuto bila kumngoja mwenziwe. Kabla mwezi haujaisha Mirambo alikuwa Tabora kwenyewe, akiunguza nyumba, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa mashujaa wa Waarabu, ameanguka.

Mirambo ni mtu ambaye, kwa maoni yangu, aliielewa njia kuliko wote waliomwita mnyang'anyi. Alijua kwamba aliyekalia njia ameikalia na khabari, na kwamba pembe ikizuiwa Urambo, mwenye deni Unguja hulala macho wazi. Kwa hiyo vita vilipotulia alianza kuandikisha barua zake mwenyewe, akawasiliana na balozi wa Kiingereza John Kirk, na mwaka wa 1879 akamkaribisha kwake mmisionari Southon, tabibu, ili awe na mlango wake mwenyewe wa kupata na kutoa khabari bila ya kupitia baraza za Unyanyembe. Alikufa Desemba 1884.

Khabari za soko zilikuwa na minyororo mirefu kuliko walivyodhani waliozitumia. Nguo nyeupe iliyovaliwa na kuhesabiwa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliitwa merikani kwa kuwa ilifumwa Massachusetts, ikaletwa na merikebu za Salem, ambazo kwa ajili ya biashara yao Marekani iliweka balozi Unguja tangu 1837. Na pembe zilizorudi nazo zilikatwa Connecticut zikawa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka wa 1861, pamba ya kusini ikazuiliwa bandarini, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Kiingereza na za Kihindi zikajitia mahali pake. Mtu wa Kwihara, jirani na Tabora, aliyeona doti za nguo zimepanda bei na pembe haina wa kuigombea hakuwa na njia ya kujua kwamba sababu yake ni vita vya ng'ambo ya bahari mbili. Kisha, mwaka wa 1879, waya wa chini ya bahari ukaiunganisha Unguja na Aden, na Aden na ulimwengu. Na tangu siku hiyo wakopeshaji wakubwa wa Unguja, watu kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip mali ya safari zake, waliweza kujua bei ya pembe ya London upesi, ilhali mdeni wao aliyeko Manyema aliendelea kununua kwa bei aliyoondoka nayo. Pengo hilo la khabari liliongeza madeni ya bara pengine zaidi ya riba yenyewe.

Wajerumani walipolivunja boma la mtemi Isike wa Unyanyembe, Januari 1893, naye akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa, mamlaka ya njia yalihama. Waya wa simu ukafuata, kisha reli, iliyoanza Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Na kazi ya upagazi, iliyokuwa fahari ya kijana wa Kinyamwezi kabla hajaoa, ikafifia. Magazeti yakapanda garimoshi. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilibeba barua za wasomaji kutoka miji ambayo zamani ilisikia khabari za wenziwe baada ya mwaka mmoja. Na mwaka wa 1950 Tabora yenyewe ikapata gazeti lake, Kiongozi, la Wakatoliki.

Wakati huo huo jirani na Tabora, kule Urambo kwa Mirambo, pakatokea mfano mkubwa wa kudharau khabari za aliyeitembea nchi. Mwaka wa 1946 ujumbe wa Kiingereza ukiongozwa na John Wakefield uliizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, ukitazama sehemu nyingi kutoka angani, ukaandika kwamba karanga zitaota Kongwa ya Ugogo, Nachingwea na Urambo kwa wingi wa kulisha Uingereza mafuta. Mvua haikuusoma waraka ule, na udongo ukakauka ukawa kama jiwe. Mradi ukaachwa mwaka wa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Mzee yeyote wa Ugogo angaliwaambia, lau wangalimwuliza, ni misimu mingapi katika kumi ambayo mvua hudanganya.

Zama zetu zimeleta baraza nyingine. Mwaka wa 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google, na siri ya mtambo wao ilikuwa kuupima ukurasa kwa viungo vinavyoelekea kwake kutoka kurasa nyingine, na kuvipima viungo hivyo tena kwa heshima ya kurasa vinakotoka: isnadi kwa hesabu. Ndesanjo Macha akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika blogu kwa Kiswahili, na mwaka wa 2005 Issa Michuzi, mpiga picha, akaifungua yake akiwa Helsinki, nayo ikawa baraza ya Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni pamoja. Mwaka uliofuata Maxence Melo na Mike Mushi wakaanzisha jukwaa ambalo baadaye liliitwa JamiiForums. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, miaka 130 baada ya ule wa Aden, khabari zilizokuwa zikipita kwa matone zikaanza kumiminika.

Pamoja nazo wakaja wauza njia. Mwenye tovuti akafundishwa kwamba haina haja ukurasa wake uwe na faida kwa msomaji, bali anunue viungo, arudie maneno yanayotafutwa, anakili ya wenzake, na mtambo utampandisha. Hayo ni sawa na kulaza matawi ya uongo kwenye njia panda ili msafara upite dukani kwako. Google ilijibu kwa mageuzi yaliyoitwa Panda, Februari 2011, yaliyoshusha kurasa tupu, na Penguin, Aprili 2012, yaliyoshusha waliojinunulia viungo. Na tangu hapo wenye tovuti ulimwenguni kote wameishi kwa kuulizana nini kimebadilika, kama wapagazi walivyoulizana mtemi gani ameongeza hongo. Naamini kwamba mwenye tovuti wa Kiswahili aliyeshughulika na hila hizo alipoteza miaka yake, maana lugha yetu ilikuwa na kurasa chache mno, na aliyeandika jambo moja la kweli kuhusu mji wake hakuwa na mshindani wa kumshinda kwa hila.

Hongo nayo ilirudi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Machi 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania aombe leseni, alipe shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya kuanzia na 1,000,000 kila mwaka, na waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu, bila ya tangazo hata moja, wengi wao wakazifunga blogu zao. JamiiForums yenyewe ilizima kwa muda Juni mwaka ule. Watemi wa Ugogo walidai hongo kwa sababu walikuwa na maji na chakula cha kumpa mpitaji, na walipozidisha, misafara ilitafuta njia ya kuzunguka. Waandishi wetu nao walizunguka: wakahamia kwenye makundi ya simu, ambako ada haidaiwi na mtambo wa utafutaji hauingii.

Humo ndimo zilimo sasa khabari za soko la Tabora. Bei ya debe la asali ya Sikonge, jina la mnunuzi asiyelipa, njia iliyokatika kwa masika, hesabu ya mizinga iliyorinwa, yote hupita kila siku kwa sauti na maandishi kati ya watu wanaojuana, yenye isnadi safi kuliko kurasa nyingi zilizo wazi. Na baada ya wiki hayapatikani tena, hata na aliyeyaandika. Mgeni anayeuliza leo kuhusu Unyanyembe ataletewa kwanza Burton, kisha Stanley, kwa kuwa wao walikuja na madaftari. Maneno ya Snay bin Amir yenyewe yametufikia kwa kalamu ya Burton, na ya mpagazi aliyemwambia Snay hayakutufikia kabisa. Mrina asali wa Sikonge ana simu mkononi, anajua kusoma na kuandika, na anaijua njia yake yote. Anachokosa ni ukurasa mmoja ulio wazi, wenye tarehe na jina lake, ambao mtu wa Maskati au wa Mwanza anaweza kuukuta msimu ujao.